Mkono Haupandi Taa Ikiwaka

4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na watoto hamjambo. Ulisema niandike barua kwa sababu kwenye simu nahema tu kama mtu aliyekimbizwa, na wewe unabaki kusema haloo, haloo. Basi naandika.

Barua hii inakuja kwa basi. Najua ulitaka niwape wapakiaji waichomeke kwenye ndege ya jioni, maana watu wa mizigo wa huku na wa huko ni ndugu. Nimekataa. Kitu kisichopita kwenye ukaguzi hakipandi ndege, hata kama ni salamu.

Kazi nimeanza. Nimepewa viatu vyenye chuma mbele, kizibao cha kung'aa kinachonifika karibu na magoti, na vizuia sauti vya masikioni. Vizuia sauti navipenda kuliko vyote. Nikivivaa, hakuna anayetegemea nijibu.

Nimewekwa kwenye kabari, kama wageni wote wanavyowekwa. Wewe unazijua, vile vipande vizito vya mpira vya kuziba gurudumu mbele na nyuma ili ndege isijongee. Lakini kazi hii imebadilika tangu ulipoondoka hapa. Zamani kila shirika lilikuwa na desturi yake na kila kikosi na mbwembwe zake. Sasa kuna utaratibu mmoja kwa ndege zote. Ndege ikisimama, watu wote wanakaa nyuma ya mstari mwekundu mpaka injini zizimwe na ile taa nyekundu ya tumboni mwa ndege iache kumweka, yaani kuwaka na kuzimika. Hapo mweka kabari anaingia peke yake. Akimaliza anainua mkono, dole gumba juu. Mkono ukipanda ndipo wengine wanavuka: gari la mkanda wa mizigo, trekta, ngazi, wafagiaji.

Kikosi wanauita utaratibu huu Mama Mkwe. Wanasema umekuja kukaa nasi bila kuuliza, na kila tunachofanya unakikosoa.

Shida ni kwamba Msimamizi anataka niingie taa ikiwa bado inamweka. "Wewe ni mpwa wa Upepo," ananiambia mbele ya watu. "Damu ya Upepo haisubiri taa." Wote wanacheka, mimi naangalia viatu. Lakini siendi. Kuna mpakiaji mmoja wanayemwita Chapchap, yeye husema nyuma yangu, "Dada, ndege imeshafika, au unasubiri ikusalimie?"

Mama nimemwambia mambo yote shwari. Ameanza kuniita "binti yangu wa uwanja wa ndege" mbele ya majirani, na mimi sitaki kumharibia. Muda wangu wa majaribio unaisha mwanzoni mwa Aprili, na Msimamizi ndiye atakayesema kama naajiriwa au narudi nyumbani.

Nishauri, Mjomba. Wewe ndiye uliyeniambia tangu nikiwa mdogo kwamba nisikubali kusukumwa.

Mpwa wako


9 Machi

Mpwa wangu, Bi Kimya,

Marahaba. Barua yako imefika imekunjamana kama shati la mlevi. Naona iliketiwa na abiria mnene. Ingekuja kwa ndege ingefika imenyooka. Haya, tuyaache.

Nimeisoma na nimekuelewa. Unaogopa. Usione haya, ndege ni dude, na likikujia linanguruma hata mwanaume mzima anarudi nyuma. Siku yangu ya kwanza, mimi huyu, niliangusha kabari juu ya mguu wangu mwenyewe na nikachechemea mpaka zamu ikaisha, huku nikisema ndio mwendo wangu. Dawa ya woga ni moja tu: kukimbilia kile kinachokuogopesha.

Kikosi hicho nimekilea mimi. Wakati wangu, ndege haijatulia vizuri, mkanda wangu umeshagusa mlango wa mizigo. Marubani walikuwa wananipungia mkono mapanga ya injini yakiwa bado yanazunguka. Jina la Upepo sikujipa mwenyewe. Mgeni hapokelewi na mtu aliyeegemea ukuta, mwanangu. Anapokelewa mlangoni.

Na usije ukaniandikia kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ilitungwa na mtu ambaye hajawahi kuchelewesha ndege yenye abiria walioamka alfajiri.

Jaribu mara moja. Pita nyuma ya bawa, inama, weka kabari, inua mkono. Utaona hakuna kitakachotokea. Huku kwetu Mama Mkwe naye amefika. Tumemkaribisha, tumempa kiti, tumemwashia feni, na sisi tunaendelea na shughuli zetu.

Msalimie dada yangu. Mwambie kaka yake bado ana meno yote.

Mjomba


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nilifanya ulivyosema.

Alhamisi ilikuja ile ndege ya mapanga. Yakizunguka kwa kasi hayaonekani, unaona duara la hewa tu linalotetemeka. Taa ilikuwa inamweka. Nikapita nyuma ya bawa, nikainama, nikaweka kabari, nikainua mkono. Na ulisema kweli, hakuna kilichotokea. Walinipigia makofi. Chapchap akaninunulia soda baridi. Msimamizi akanishika bega akasema, "Sasa umekuwa mtu."

Mjomba, umenielewa vibaya. Ndege siiogopi. Chini ya bawa sikuogopa hata kidogo. Niliogopa baadaye, nimekaa kwenye benchi na ile soda, kwa sababu ilikuwa tamu. Nilijua kesho yake nitaingia mapema zaidi ili wanipigie tena makofi, na kesho kutwa mapema zaidi, na kila siku hakuna kitakachotokea, mpaka nitasahau kwamba taa ile ipo.

Halafu kuna Bi Mkubwa. Ni dereva wa gari la mkanda, mama mtu mzima, anaimba akiendesha. Kutoka kwenye kiti chake taa ya tumboni haionekani, anazuiwa na mkanda wenyewe. Anachokiona ni mkono wangu. Alhamisi alikuja moja kwa moja, anaimba, na mapanga ya upande anaokujia yalikuwa hayajasimama. Alikanyaga mafuta kwa sababu mimi nilimwambia pako salama. Sikujua kama pako salama. Nilijua tu kwamba nataka kupendwa.

Sitarudia. Usinikasirikie.

Mpwa wako


22 Machi

Ndugu yangu Upepo,

Salaam sana. Tangu uondoke hapa hakuna wa kunitania, watu wamekuwa wapole kama maziwa.

Nakuandikia kuhusu huyu binti yako. Nilimchukua kwa heshima yako, unajua. Nilisema, mtoto wa dada yake Upepo, huyo hata kufundishwa hahitaji. Sasa ndugu yangu, uliniahidi upepo, umeniletea mlingoti. Ndivyo vijana wanavyomwita: Mlingoti. Anasimama pale mstarini na kabari zake mikononi, macho kwenye taa, na sisi wote nyuma yake tumejipanga kama watoto wanaosubiri uji.

Angekuwa jeuri wa mdomo ningejua la kufanya. Hajibu! Nikifoka anainamisha kichwa, nadhani ameelewa, ndege inayofuata anasimama vilevile. Utamgombeza vipi mtu anayetazama viatu?

Siku moja aliingia vizuri kabisa, nikafurahi. Kesho yake amerudi ulingoti.

Usinione mkatili. Wakubwa walioleta utaratibu wanataka usalama. Wakubwa haohao wananipigia simu ndege ikikawia kuondoka. Wamenifunga kamba mbili shingoni, kila mmoja anavuta kwake. Na kikosi cha upande wa pili wa uwanja kinasubiri tujikwae kitunyang'anye kazi.

Majaribio yake yanaisha karibuni. Zungumza naye wewe, anakusikiliza. Usimwambie nimekuandikia.

Msimamizi, rafiki yako


26 Machi

Mpwa wangu,

Sijakasirika. Nimekaa kimya kwa sababu ya kazi nyingi.

Nimekuwa nikiwaza tu mwenyewe, hakuna aliyeniambia kitu, kwamba kazi ni watu. Unaweza kuwa na haki mfuko mzima na bado ukala peke yako. Kikosi kinachokuita Mlingoti leo kesho hakitakuita kabisa. Msimamizi wako ni mtu mwema mwenye mzigo mkubwa kichwani, na wewe unamwongezea jiwe juu.

Nani amekwambia uwe mlinzi wa kila mtu? Huyo Bi Mkubwa ana macho yake. Ameendesha mkanda tangu wewe hujazaliwa na bado anaimba.

Mama yako alinipigia. Anauliza kwa nini siku hizi ukirudi kazini unakaa na viatu miguuni mpaka chakula kinapoa. Nikamwambia ni uchovu. Umeniingiza kwenye uongo na mimi ni mtu mzima.

Fikiria vizuri. Mimi ndiye niliyetaja jina lako pale, na jina langu nikaliweka pembeni yake. Usiniaibishe.

Mjomba


31 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Jina la Mlingoti sikukuandikia popote. Nimezikumbuka barua zangu neno kwa neno. Kwa hiyo kuna aliyekuandikia, na wewe umeniambia unawaza mwenyewe. Sikuombi useme ni nani. Nataka tu ujue kwamba nimejua.

Sasa nikwambie ya jana Jumatatu, kabla hujaambiwa na huyo mwingine.

Msimamizi alinitoa kwenye kabari akanipa koni, zile za rangi ya machungwa zinazopangwa kuzunguka mabawa baada ya wengine kuingia. Kabari akampa Chapchap. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, sakafu ya uwanja inang'aa. Ndege ya mapanga ikaingia. Taa inamweka, mapanga yanazunguka, Chapchap akatoka mbio, akatupa kabari karibu na gurudumu, akainua mkono. Nikamsikia Bi Mkubwa anaingiza gia.

Utaratibu una ishara moja ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitoa, hata mfagiaji, hata mgeni wa siku ya kwanza. Mikono yote miwili juu ya kichwa, imepishana. Maana yake ni simameni. Tulifundishwa darasani na tukacheka, kwa sababu nani atathubutu? Sijawahi kumwona mtu akiitoa.

Niliweka koni chini. Nikaenda mbele ya gari la mkanda, nikasimama juu ya mstari, nikapishanisha mikono juu ya kichwa. Nikamtazama Bi Mkubwa kwenye kiti chake.

Bi Mkubwa akakanyaga breki. Gari liliteleza kidogo kwenye maji likasimama karibu yangu, nikasikia joto la injini usoni. Kama lingekuwa upande wa pili wa mstari lingeteleza kuelekea mapanga.

Msimamizi akapiga kelele, "Mzunguke! Mzunguke upite!"

Bi Mkubwa akazima gari. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Mtoto amesema tusimame," akasema.

"Hajasema chochote huyo! Hasemi kitu tangu aje!"

"Basi leo amesema. Wewe hukusikia?"

Chapchap alikuwa bado chini ya bawa, peke yake, mkono juu, na hakuna anayemfuata. Akaushusha polepole kama mtu aliyempungia asiyemjua. Kisha taa ikazimika, mapanga yakasimama, na sisi wote tukaingia kwa kutembea. Wala hatukugongana mlangoni kama siku zote, mkanda na trekta wakigombea njia. Ndege iliondoka kwa wakati. Nilidhani hilo litanisaidia.

Halikunisaidia. Msimamizi aliniita ofisini. Alisema nimemvunjia heshima mbele ya kikosi chake na mbele ya rubani. Niandike barua ya kuomba radhi ifikapo Ijumaa, naye atasaini ajira yangu. Nisipoandika, nirudi kwa mama yangu. Nikaangalia viatu. Lakini Mjomba, nilikuwa naviangalia kwa hasira.

Nimejaribu kuiandika. Nilikaa mezani, Mama akidhani naandika maombi ya chuo. Naanza "Naomba radhi kwa", halafu sijui niandike nini mbele yake. Kwa kusimama? Kwa mikono yangu? Kila ninachoweka hapo ni uongo.

Unasema umeliweka jina lako pembeni ya langu. Nashukuru, bila hilo nisingefika hata getini. Lakini hapa kila siku ninaambiwa damu ya Upepo, mpwa wa Upepo, Upepo angekimbia. Kama jina lako ndilo linalonizuia kusimama, lichukue, Mjomba. Sisemi kwa dharau. Nakuheshimu kama zamani. Lichukue tu, mimi nitabaki na kizibao.

Mama nimemwambia ukweli wote leo asubuhi. Usimdanganye tena kwa ajili yangu.

Mpwa wako


2 Aprili

Ndugu yangu Msimamizi,

Uliniomba nisimwambie, na sikumwambia. Mdomo wangu ulivuja wenyewe, akanikamata kama mwizi wa kuku, manyoya bado mkononi.

Nilikaa kumwandikia barua kali. Nilitaka kumwambia kwamba kusimama pale mstarini ni ujinga. Nikasema, basi nikauonje kwanza huo ujinga, nipate maneno. Nikaenda uwanjani kwangu, ndege ikaja, nikasimama nyuma ya mstari.

Ndugu yangu, goti lilianza kucheza kama la mtoto anayebanwa na haja. Vijana wangu wakadhani naumwa, mmoja akaniuliza kama nimekunywa dawa. Mwingine akasema, "Mzee kwisha habari yake." Nikasikia masikio yanawaka. Wewe unanijua, mimi nimekimbia chini ya mapanga mbele ya marubani na sikuwahi kusikia masikio yanawaka. Nikavuka. Taa bado inamweka, nikavuka, nikakimbia, wakashangilia. Mimi Upepo nimeshindwa kusimama hata ndege moja.

Mtoto anasimama kila siku.

Nilimwandikia kwamba anaogopa. Ona jinsi nilivyo mpumbavu. Leo nimesimama tena, na leo nimeweza, kwa kushika mfuko wa suruali kwa ndani. Kesho sijui.

Kwa hiyo nakuandikia hivi. Usimwajiri kwa ajili ya jina langu, ameshalirudisha, na kwa adabu kuliko nilivyostahili. Wala usimfukuze ukidhani utaniumiza mimi. Hizo kamba mbili ulizofungwa nazijua, na mimi ninazo. Lakini ile ya pili, usimfunge nayo yeye.

Na hiyo barua ya radhi, nakushauri kama rafiki, usiendelee kuiomba. Unaweza ukaipata.

Upepo


3 Aprili

Kwa Msimamizi wa Zamu,
Huduma za Uwanjani.

YAH: TUKIO LA JUMATATU

Shikamoo.

Uliniagiza niandike barua ya kuomba radhi. Naomba radhi kwa jambo moja. Uliponiita ofisini uliniuliza, "Wewe unajiona nani?" na mimi sikujibu. Mkubwa akiuliza anastahili jibu, kwa hiyo nakujibu sasa.

Mimi ni mweka kabari. Nikiinua mkono, watu wanaingia chini ya ndege bila kuangalia tena, kwa sababu wananiamini. Bi Mkubwa haoni taa, anauona mkono wangu. Wapakiaji wanauona mkono wangu. Mfagiaji anayepanda ngazi za nyuma hajui hata injini iko wapi, anauona mkono wangu. Nikiuinua mapema ili unisifu, nitakuwa nimewadanganya watu wote hao kwa mara moja, na nitakuwa nimefanya hivyo nikiwa nimenyamaza. Mimi nimenyamaza maisha yangu yote. Kunyamaza si kosa. Lakini kusema uongo kwa mkono ni kosa.

Siombi radhi kwa kusimamisha gari la mkanda. Siombi radhi kwa rubani kuniona. Siombi radhi kwa kutokufanana na mjomba wangu. Heshima yako sikutaka kuivunja, na kama imevunjika, haikuvunjwa na mikono yangu.

Najua ndege zikikawia wewe ndiye unayepigiwa simu. Wakikupigia, sema mweka kabari alikataa. Ni kweli, na mimi nitakuja kulisema hilo mbele yao nikiitwa, hata kama itanichukua muda kuanza.

Kesho nipo zamu ya asubuhi. Ukinipanga kwenye kabari, mkono wangu utapanda taa ikizimika. Ukinipanga kwenye mizigo, nitasubiri nyuma ya mstari. Ukinipa fagio nitafagia, na nikimwona mtu anavuka taa ikiwaka, nitaliacha fagio lianguke. Na ukiliondoa jina langu kwenye ratiba, nitarudisha kizibao kikiwa kimefuliwa. Atakayekivaa baada yangu naye atakuwa na mikono miwili.

Wako katika kazi,
Mweka kabari

Nakala: ubao wa matangazo, chumba cha kubadilishia nguo. Nimeibandika mwenyewe. Pini nilipewa na Chapchap.